Mikono ya Nyumba ya Vioo

Vidole havikuanza pamoja. Kilitangulia cha shahada, kikafuata cha kati, kisha cha pete, kisha kile kidogo, na gumba likaja mwisho kabisa. Wanawake waliowahi kuingia Nyumba ya Vioo na kuiona mikono ile ikifanya kazi walidhani ni adabu imefundishwa. Nyamizi, aliyeitengeneza, alijua ni umeme tu. Mota kumi na sita zikiamka kwa mpigo mmoja huvuta nguvu yote ya betri, na kibao kidogo cha kompyuta kinachoziongoza huzimika, kikawaka upya kikiwa kimesahau kilikuwa kinafanya nini. Ilitokea siku za majaribio, walipokuwa wakiosha gogo la mgomba. Mikono ilianguka puu juu ya gogo, ikabaki imelala. Nyamizi alisema hilo halitampata mtu hata siku moja. Akazipa mota betri yao na kibao betri yake, kisha akaviandikia vidole vipishane. Tangu hapo mikono ikawa na mwendo wa mtu anayewaza kabla ya kugusa.

Siku hiyo, jua la adhuhuri likiwa utosini, aliyelala juu ya meza alikuwa marehemu Zaituni, mke mkubwa wa Hamduni mshona magodoro. Alikuwa amefunikwa shuka jeupe, na mikono ilipita chini ya shuka, kama inavyotakiwa. Bi Chausiku, mwoshaji, alisimama upande wa huku wa ukuta wa kioo unaotenga meza na watu, amevaa glavu mbili zilizoshonewa nyaya. Mwanamke mfupi, mwenye maneno, aliyewaosha wanawake wa Tabora tangu hajaota mvi. Akikunja kidole, kidole cha upande wa pili kilikunjika. Akinyoosha kiganja, kiganja cha plastiki kilichovikwa pamba kilinyooka.

"Fungua maji, mwanangu," alimwambia Mwanne.

Mwanne alikuwa mke mdogo wa Hamduni, ndiye aliyekuja kwa niaba ya nyumba. Alifungua koki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya kanga.

"Hapa tunaanza na wa kulia kwa kila kitu," Bi Chausiku alimtania kidogo, maana alipenda kuwatuliza watu hivyo. "Hata koki."

"Huu unaniuma, bibi."

Nje, gari la manispaa lisilo na dereva lilikuwa limeshafika na kuegesha ukutani. Ilikuwa mwaka wa pili wa Homa Kavu, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa maiti kwa mkono wake. Mtu akikata roho, wa nyumbani hupiga simu, hujibu maswali saba ya mashine, na karatasi ya kifo hutoka bila daktari kukanyaga kizingiti. Zikipita saa nane tangu afe, gari humchukua alivyo, humtia kwenye mfuko mweusi na kwenda kumfukia. Mama yake Nyamizi aliondoka hivyo, ndani ya mfuko, na unga wa ugali aliokuwa akisonga ukiwa bado kwenye vidole. Hiyo ndiyo sababu ya mikono ile, na Nyamizi hakuwahi kujidanganya kwamba kuna nyingine.

"Maji yafike mwili mzima na nia iwepo," Bi Chausiku alikuwa akisema kila mara. "Mengine yote ni kumpendeza."

Alikuwa akiinua mkono wa kushoto wa marehemu pale Mwanne aliposema, taratibu tu, bila kufikiri, "Huo uinue polepole, bibi. Unamuuma."

Maji yalikuwa yakitiririka. Mwanne alijishika mdomo kwa upindo wa kanga akatazama sakafu. Bi Chausiku aliuinua ule mkono polepole, kama alivyoombwa, akaosha kwapa, akaurudisha. Alipofika kwenye mbavu za kushoto alisimama. Nyamizi, aliyekuwa ameketi kando akitazama betri, aliona midomo ya yule bibi ikicheza bila sauti. Halafu akaendelea na kuosha, mara tatu, akatia kafuri, akamvika sanda, na hakuna alilolisema mpaka gari lilipoondoka.

Wote watatu walikuwa wamekula yamini mlangoni, kama kila anayeingia mle. Anayeosha hana macho wala mdomo. Aliloliona mwilini mwa marehemu linakwenda na marehemu.

*

Nyamizi alifungua kadi ya kumbukumbu alasiri ile kwa sababu alidhani kuna kitu kimeharibika.

Kwanza ieleweke ile mikono ilikuwa nini, maana baadaye watu walisema mengi, na wengine wakaitia pembe na mkia. Ilikuwa mota za servo, zile za gia za chuma, nane kila upande: kidole kimoja mota moja, kifundo moja, kiwiko moja na bega moja. Kilichoziongoza kilikuwa kibao cha kujifunzia, kikubwa kuliko kiberiti kwa kidogo tu, kile ambacho Nyamizi aliwafundishia vijana wa chuo cha ufundi kuwasha taa na kufungua geti la maboksi. Kibao peke yake hakikuwa na miguu ya nyaya ya kutosha kushika mota zote, akakipachika kadi ya kugawia ishara yenye matundu kumi na sita. Kila mota husubiri ishara yake mara hamsini kwa sekunde. Ishara ikiwa fupi hugeukia huku, ikirefuka hugeukia kule, na tofauti ya fupi na ndefu ni sehemu moja ya elfu ya sekunde tu. Humo ndani ya sehemu hiyo ndimo kulimokuwa na upole wote wa Bi Chausiku.

Ila mwanzoni bibi aliikataa. Alivaa glavu mara moja, akaosha mgomba, akazivua. "Siwezi kumwosha mtu nisiyemsikia," alisema. "Hapa naosha hewa."

Nyamizi akaenda akafikiri wiki nzima. Mota ikikutana na kitu kigumu huvuta umeme mwingi, ikikutana na laini huvuta kidogo. Akaweka kipimo kwenye waya wa kila mota, na kile kinachopimwa kikarudi kwenye glavu kama mtetemo. Bi Chausiku alipojaribu tena alilia. Na ili ajue ni mtetemo gani unatosha na ni nguvu gani imezidi, Nyamizi aliweka kadi inayoandika vipimo vyote, mstari kwa mstari, kila anapooshwa mtu. Alikusudia kuifuta kila Ijumaa. Hakuifuta hata Ijumaa moja, na hakumwambia mtu kwamba ipo. Kwake zilikuwa namba za kurekebishia upole, basi.

Sasa, kwa Zaituni, aliona glavu zikitetema kidogo mno, akadhani pengine vipimo vimekufa. Akaleta kipande cha mgomba, akakibonyeza kwa mikono. Namba zikaja sawasawa. Akabonyeza meza. Sawasawa. Vipimo vilikuwa vizima.

Akarudi kwenye kadi. Wanawake arobaini na mmoja walioondoka kwa Homa Kavu walikuwa na namba za kufanana, kubwa, kwa sababu ugonjwa ule humkakamaza mtu ndani ya saa moja ya kufa akawa kama kuni. Ndiyo maana ukaitwa kavu. Wa arobaini na mbili, Zaituni, alikuwa laini kila kiungo. Mkono wake wa kushoto ulipoinuliwa, mota ya bega ilivuta kama iliyobeba nusu ya mkono, kwa kuwa nusu nyingine ilikuwa imevunjika, ikining'inia. Na kwenye mbavu, mahali ambapo kwa wengine wote namba zilipanda, kwa Zaituni zilishuka. Kidole cha pete na kile kidogo viliingia pasipoingilika.

Nyamizi aliinuka akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu, na alipomaliza hakukumbuka alikuwa amechafuka nini.

*

"Umeweka jicho ndani ya mikono yangu," Bi Chausiku alisema, Nyamizi alipomaliza kumweleza.

Alikuwa ukumbini kwake, ungo wa mchele mapajani, akichambua. Hakuwa amekasirika kwa sauti. Nyamizi angependa akasirike kwa sauti.

"Si jicho, bibi. Ni vipimo tu."

"Vinaona?"

Nyamizi aliutazama ule ungo.

"Nimekuuliza, mwanangu. Vinaona au havioni?"

"Vinaona."

"Basi ni jicho." Aliokota kijiwe, akakitupa uani. "Wanawake arobaini na wawili. Wengine nimecheza nao. Nimewaficha kwa shuka, nimewaficha kwa ulimi wangu, kumbe wewe umewaandika. Mwana wa nani alikuwa na kovu wapi, nani tumbo lake limefanyaje. Wote wamo kwenye kikadi chako."

"Nilitaka mikono isimwumize mtu."

"Najua ulitaka nini. Ningekuwa sijui, ningekufukuza."

Alikohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, mara mbili, na akageuza uso ili Nyamizi asimwone. Nyamizi alikiona na kukisikia, na ndivyo Homa Kavu ilivyoanza kwa kila mtu.

"Bibi, hukusikia mbavu zake?"

"Nilizisikia kabla ya mashine yako." Ungo ulisimama. "Nimeosha miaka arobaini. Unadhani Zaituni ni wa kwanza? Kuna wanaume wanaonipa mkono wa Idi hapa mjini, nami nawajibu, na najua walichokifanya. Nilikula yamini. Marehemu hana nguo nyingine ila ulimi wangu. Nikiufungua kwa mmoja, nani ataniletea mama yake tena?"

"Na aliyebaki mle ndani? Uliuona mkono wa Mwanne?"

Bi Chausiku alirudi kwenye mchele, lakini hakuokota kitu tena.

*

Siku ya kuanua matanga Nyamizi alikwenda kwa Hamduni na wanawake wengine. Alimkuta Mwanne nyuma ya nyumba, akisuuza sufuria kwa mkono mmoja. Hamduni alikuwa barazani, mtu mtaratibu, mwenye sauti ndogo, akiwashukuru wageni kwa majina. Watu walimsikitikia.

Nyamizi alichutama, akashika sufuria upande wa pili, akasema kwa kunong'ona kwamba mikono iliandika, na kwamba yaliyoandikwa yanasomeka.

Mwanne alisuuza sufuria ile ile mara ya pili.

"Ukisema, dada, atajua ni mimi niliyesema."

"Nitasema ni mashine. Na ni kweli."

"Kweli yake yeye iko kwenye ngumi." Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kisha akazungumza akiwa hamtazami Nyamizi bali yale maji. "Dada Zaituni alikuwa anaingia katikati. Nami nikiona zamu yake imezidi, naingia. Tulikuwa tunagawana. Sasa yote yangu."

Nyamizi alitaka kumshika, ila Mwanne alikuwa amechukua sufuria nyingine.

*

Kilichobaki kilikuwa hesabu ya roho, na haikuwa na jibu zuri hata moja.

Nyamizi alikuwa ameshauliza. Koplo Leokadia wa upelelezi, waliyesoma naye shule ya msingi, alimwambia bila kuzungusha: ushahidi wa mashine unakwenda na mashine yake. Kadi peke yake ni namba tu, mtu yeyote anaweza kuziandika. Itabidi wachukue mikono, kibao, glavu, nyaya, vyote vikae kama kielelezo mpaka kesi iishe. Na hapakuwa na mikono mingine. Mota za namna ile hazikuingia nchini tangu mipaka ifungwe. Mikono ikiondoka, atakayekufa Tabora atakwenda kwenye mfuko.

Na Bi Chausiku alikuwa ameanza kukauka.

Alizungumza naye dirishani, kupitia wavu wa karantini. Bibi alikuwa amelala chali, vidole vya mikono yake vimeanza kukataa kukunjika. Aliviinua akavitazama, akacheka kidogo.

"Sasa mimi ndiye ninayehitaji betri."

"Bibi, nitasubiri."

"Usubiri nini?"

"Nikuoshe kwanza. Halafu ndiyo niipeleke mikono polisi. Siku tatu, nne. Hazitabadilisha kitu."

"Kwa nani?" aliuliza Bi Chausiku.

Kuku walikuwa wakiparua uani. Nyamizi alizihesabu. Siku nne za Mwanne ndani ya ile nyumba.

"Usinifanye mimi kisingizio," bibi alisema. Sauti ilikuwa ikikwaruza, akapumzika kila baada ya maneno machache. "Mimi sisemi. Nilikula yamini, nakwenda nayo. Nikutane nao wote arobaini na wawili huko, nisimkwepe mtu macho. Wewe ni kazi yako. Ila ukikivunja kiapo, kivunje ukijua umekivunja. Usije ukakitafutia uchochoro, ukasema mashine ndiyo iliyosema. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Na hasira zangu bado ninazo. Usidhani zimekwisha kwa kuwa naumwa."

"Najua."

"Haya. Nenda, kabla hujaanza kulia hapa ukaniharibia mchana."

*

Koplo Leokadia aliifungua mikono mwenyewe, mota moja moja, akaitia kwenye mifuko ya plastiki yenye namba. Nyamizi alimsomea vipimo, akaeleza, akatia saini. Alipoulizwa nani aliyetoa siri ya marehemu, alisema, "Ni mimi. Nilikuwa nimeapa, nikavunja." Koplo akamwambia hilo halihitajiki kwenye maelezo. Nyamizi akasema liandikwe hata hivyo.

Hamduni alichukuliwa jioni ile ile. Kaburi lilifunguliwa kwa mashine, na yaliyoonekana yalilingana na namba. Mwanne alifungwa mkono wake hospitalini, mfupa ukiwa umevunjika tangu kabla ya msiba.

Mjini maneno yalisambaa. Wako waliomshukuru Nyamizi, wachache, tena kwa siri. Wengi walisema hata kufa sasa mtu hafi akasitirika. Mwanamke mmoja, ambaye mama yake alikuwa wa kumi na tisa kuoshwa, alisimama mbele ya mlango wa Nyamizi asubuhi nzima, hakubisha hodi, hakutukana, akaondoka. Nyamizi alikuwa ndani, amekaa nyuma ya mlango, akihesabu namba za wa kumi na tisa kichwani, kwa kuwa alizijua. Kadi sasa ilikuwa polisi, na wote arobaini na wawili walikuwa mle. Aliona haya, na haya ile haikumtoka.

Bi Chausiku alikata roho Alhamisi, saa nne asubuhi.

Gari la manispaa lilifika kabla ya saa tano, likaegesha. Mpwa wake bibi alikuja na karatasi, akasimama, hakujua aende wapi. Nyamizi alikuwa amekwisha pita chuoni. Kwenye droo ya karakana kulikuwa na servo moja tu, ya gia za plastiki, ile aliyokuwa akiwaonyeshea vijana siku ya kwanza ya darasa. Ilikuwa na jino moja limekatika, kwa hiyo kila ikifika katikati iliruka kidogo. Na kulikuwa na kibao kimoja kikuukuu.

Alipofika Nyumba ya Vioo alimkuta Mwanne mlangoni, plasta mkononi.

"Nilisikia," Mwanne alisema. "Huu mmoja ni mzima."

Wakamlaza bibi kwa mashine ya kubebea ya lile gari, kadiri ilivyoruhusu, juu ya shuka lenye kamba nne zilizopitishwa kwenye matundu ya kioo, na shuka jingine juu yake. Nyamizi akafunga mpira wa maji kwenye mkono wa ile mota moja, juu ya meza, kwa uzi wa kushonea. Mota moja huweza jambo moja tu: kugeuka. Haikuweza kusugua wala kuinua. Haikuweza kumpendeza. Iliweza kupeleka maji kulia na kuyaleta kushoto.

Alichomeka betri. Kibao hakikuwa na kadi ya kumbukumbu. Alikikagua mara mbili kuhakikisha, akamwonyesha Mwanne, naye Mwanne akakikagua pia, ingawa hakujua anatafuta nini.

Walikula yamini upya, wawili wao, mlangoni. Nyamizi alisita kwenye lile neno, kwa kuwa alijua sasa lina uzito gani. Kisha akalisema.

Maji yalikwenda kulia kwanza. Yalitoka begani yakashuka mpaka unyayoni, yakafika katikati, mota ikaruka kidogo pale penye jino lililovunjika, ikaendelea kushoto. Mara ya kwanza. Mwanne alivuta kamba kwa mkono wake mzima, bibi akainuka ubavu, maji yakapita chini yake. Mara ya pili. Nyamizi alikuwa akilia na kuhesabu pamoja, akirefusha ishara kwa sehemu ndogo ndogo ili maji yasiruke, yaende kama bibi alivyokuwa akiyapeleka mwenyewe.

Mara ya tatu shuka lilikuwa limelowa chepechepe, limeshikana na mwili, na Nyamizi akaona kitu. Mwanne, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kamba, alimsikia akivuta pumzi.

"Kuna nini, dada?"

"Vuta kamba," Nyamizi akasema.

Aliloliona siku ile hajamwambia mtu mpaka leo. Hata mimi ninayesimulia haya, niliyemjua miaka yote hii, nilimuuliza mara moja tu. Akaniuliza kama nimekwisha kula.